Unywele Mjanja Ndani ya Marumaru

Sisi tunaishi Colonnata, kijiji kilichobanwa katikati ya milima ya marumaru, juu ya mji wa Carrara, Italia. Kwetu kila kitu ni marumaru. Kizingiti cha mlango ni marumaru. Sinki la kufulia ni marumaru. Hata mafuta ya nguruwe tunayokula na mkate, tunayalaza kwa chumvi na viungo ndani ya sanduku la marumaru mpaka yaive. Honi ya machimbo ndiyo saa yetu ya asubuhi.

Mimi naitwa Fosca. Mume wangu, Nevio, ni kinyozi. Duka lake liko chini ya nyumba yetu. Mama yangu mzazi, Argia, anaishi ghorofani, na ngazi ya kwenda kwake iko nje ya ukuta. Wakati huo ngazi ile ilikuwa imechoka kabisa. Vidato vyake vilikuwa vimelika katikati kama sahani, na baridi kali ilikuwa imevunja viwili. Mimi nilipanda kwa kushikilia ukuta. Mama, aliyekuwa amepita miaka themanini, hakuthubutu. Tangu Krismasi hakukanyaga chini.

Basi tukawa tunaishi kwa kikapu. Asubuhi Mama alifungua dirisha na kukishusha kwa kamba. Mimi nilitia mkate, maziwa na gazeti. Yeye alivuta. Baada ya muda kikapu kilirudi kitupu, na malalamiko yakafuata nyuma yake.

"Fosca! Huu mkate umenunua wapi, machimboni?"

"Mama, ni wa leo leo!"

"Wa leo? Basi mwokaji amezeeka kuliko mimi."

Siku moja ya masika hakulalamika. Alimwita Nevio.

"Mwanangu, mimi nataka kitu kimoja tu. Sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo nataka kushuka kwa miguu yangu. Sitaki kubebwa kama gunia. Sitaki kutazama watu kutoka dirishani kama paka."

Sikukuu hiyo ndiyo siku kubwa ya kijiji chetu, mwishoni mwa Agosti. Nevio aliweka mkono kifuani.

"Mama, utashuka. Ngazi mpya nitaileta mimi."

Alisema kweli kutoka moyoni. Tatizo lilikuwa kichwani.

Jumatatu vinyozi wa kwetu hawafungui duka. Jumatatu iliyofuata Nevio alichukua kigari chake cha matairi matatu akaenda mlimani. Alirudi jioni, nguo zote nyeupe kwa vumbi, na mabamba ya marumaru yamejaa nyuma.

"Tazama, mke wangu! Nyeupe pee!"

"Umeyapata wapi?"

"Kwenye kifusi, chini ya machimbo. Yamelala tu pale, hayana mwenyewe."

"Umeomba ruhusa?"

"Ruhusa ya nini? Mimi nimezaliwa hapa. Baba yangu kazaliwa hapa. Marumaru naijua toka tumboni mwa mama."

Hilo ndilo kosa letu watu wa huku. Mgeni akija kununua jiwe, anauliza maswali mpaka anachosha. Sisi hatuulizi. Tunadhani kulala karibu na mlima ni kuujua. Mimi mwenyewe nilifurahia mabamba yale, maana yalikuwa mazuri kweli, na yalikuwa ya bure.

Tulikuwa tunayapanga uani alipopita jirani yetu Ersilia. Mwanamke huyu ameongoza kiwanda cha kupasulia marumaru kwa miaka mingi. Sauti yake imezoea kushindana na misumeno. Hata akinong'ona, kijiji kizima kinasikia.

"Nevio, nani kakupa haya?"

"Mlima, jirani."

"Mlima haujampa mtu kitu. Haya yametupwa na wachimbaji. Hujajiuliza kwa nini watu watupe jiwe zuri hivi?"

"Si wanayo mengi?"

"Na wewe unao wateja wengi. Unawatupa? Fosca, hebu niletee ndoo ya maji."

Nilileta. Ersilia alilowesha bamba moja lote, akavuta kigoda akaketi.

"Sasa tunafanya nini?" Nevio akauliza.

"Tunaacha jua lifanye kazi. Wewe ukitaka kuongea, ongea."

Nevio aliongea sana. Jiwe likaanza kukauka. Upande huu ukawa mweupe, upande ule ukawa mweupe. Lakini katikati ulibaki mstari mmoja wenye unyevu, mwembamba mno, umelikata bamba kutoka ukingo hadi ukingo.

"Unauona?" Ersilia akasema.

"Nauona. Kamstari tu."

"Sisi tunaita unywele. Na ukijificha hivi, usionekane mpaka umwage maji, tunauita unywele mjanja. Huo ni ufa, bwana. Maji yameingia ndani, ndiyo maana pamechelewa kukauka."

Nilishindwa kujizuia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Kinyozi mzima! Kashika nywele za mji mzima, leo unywele mmoja umemshinda!"

Nevio alinuna. "Unywele haujawahi kumwangusha mtu."

Mama alikuwa anasikiliza dirishani. Yeye hakucheka.

"Ersilia, sema tena hilo neno."

"Unywele mjanja, Mama Argia."

"Marehemu alikuwa akilisema," Mama akajibu.

Kicheko changu kiliisha hapo hapo. Marehemu ni baba yangu. Alikuwa mchimbaji. Pande la jiwe lililoonekana zima lilipasuka mbele yake, likamwangukia. Jina lake limechongwa kwenye ukumbusho pale uwanjani, pamoja na majina ya wenzake. Mimi nilikuwa mdogo. Sikuwahi kumuuliza Mama jiwe lile lilikuwa na nini.

Ersilia aliinuka taratibu. Aliokota nyundo ndogo, akagonga jiwe la kizingiti chetu. Lilitoa sauti safi, kama kengele. Akagonga bamba la Nevio. Likasema "tok", kama chungu chenye ufa.

"Jiwe zima linaimba," alisema. "Jiwe bovu linakohoa. Huamini? Liweke juu ya matofali, huku na huku, katikati pawe wazi. Usilisimamie wewe. Weka magunia ya mchanga."

Nevio aliweka gunia. Akaongeza jingine. Mchanga ule haukufika hata uzito wa Mama. Bamba lilikatika katikati, pa! pale pale penye mstari.

Nevio alitazama vipande viwili chini, halafu akainua macho dirishani. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko jiwe.

"Hicho kilikuwa kidato changu, Nevio?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi mshukuru Mungu kimevunjika kikiwa na mchanga juu yake. Mshukuru na Ersilia. Halafu nenda ukajifunze."

Jumatatu iliyofuata Ersilia alitupeleka machimboni. Kwanza Nevio alirudisha mabamba yote alikoyatoa, maana hata kifusi kina mwenyewe, na mteremko wake unaweza kuporomoka ukamzika mtu. Mkuu wa machimbo alitukemea kwa maneno makali, kisha akatusamehe na kutupa kofia ngumu na viatu vizito. Alituonyesha pa kusimama.

Mbele yetu mlima ulikuwa umekatwa kama ngazi ya majitu, nyeupe, ikimeta juani. Nilikuwa nimeuona kila siku ya maisha yangu kutoka chini. Sikuwa nimewahi kuusogelea hivi.

"Kazi ya kwanza si kukata," Ersilia alisema. "Kazi ya kwanza ni kusoma. Wanaangalia nywele za mlima zimepita wapi. Wakikata bila kuangalia, jiwe lote linakuwa kifusi."

"Nywele zote zinatazamwa?" Nevio akauliza.

"Zinazoonekana. Za ujanja zinatafutwa baadaye. Na kabla ya yote hayo, wapo watu wanaoshuka ukutani kwa kamba, wanang'oa mawe yaliyolegea ili yasiwaangukie wenzao."

Tulimwona mmoja wao, mdogo kama sisimizi, ananing'inia na mtaimbo. Nilimwombea kimoyomoyo.

Chini yake wenzake walikuwa wametoboa matundu mawili marefu kwenye mwamba. Moja limetoka juu, jingine limetoka mbele, na ndani kabisa yamekutana. Humo walipitisha kamba ya chuma iliyovishwa shanga ngumu zenye chembe za almasi. Wakaunganisha ncha zake ikawa kitanzi, wakaizungushia gurudumu la mashine. Mashine ikaanza kuvuta. Kamba ikazunguka, ikawa inakata mwamba kama uzi unavyokata jibini. Maji yalimwagwa wakati wote.

"Maji ya nini?" niliuliza.

"Yanapoza kamba, yanazuia vumbi. Vumbi la mawe likiingia mapafuni siku nyingi, linaua polepole. Na wewe Nevio, rudi hapa! Usisimame mbele ya kamba inayozunguka. Ikikatika, zile shanga zinaruka kama risasi."

Nevio alirudi mbio hata kofia ikamwangukia machoni.

Ukuta wa jiwe ulipokatwa pande zote, wafanyakazi waliteremsha mifuko bapa ya chuma ndani ya mkato wa nyuma. Wakaijaza maji kwa nguvu. Mifuko ikavimba, ikalisukuma jiwe nje kidogo kidogo. Mbele yake walikuwa wametandaza kitanda kinene cha mchanga na kokoto, ili lisipasuke likianguka. Honi ikalia. Watu wote wakasogea mbali. Jiwe lile, kubwa kuliko nyumba yetu, likainama polepole, likalala. Ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyangu.

Vumbi lilipotulia, mkuu wa machimbo alilisogelea akiwa na mpira wa maji. Aliliosha. Akaketi. Akangoja likauke.

Nevio alinigusa kiwiko. "Hata yeye anangoja jua."

"Hata yeye," nikasema.

Palipoonekana unywele, aliweka alama ya rangi nyekundu. Jiwe lilikatwa kufuata alama hizo, likatoka mapande mazima. Sehemu zenye nywele zilisukumwa pembeni, kwenye kifusi, kule alikokwenda kuokota mume wangu.

Mkuu wa machimbo aliandika herufi kwenye kila pande, kuonyesha upande ambao jiwe linapasuka kwa urahisi.

"Jiwe nalo lina upande?" Nevio akashangaa.

Ersilia alimgeukia. "Umewahi kupasua kuni?"

"Kila wiki."

"Unapasua kufuata nyuzi au kukatiza nyuzi?"

"Kufuata nyuzi. Ukikatiza, utalia."

"Basi jiwe ni hivyo hivyo. Kidato cha ngazi kinatoka ukutani kama ubao. Lazima uelekeo wa jiwe ufuate urefu wake. Ukiukatiza, hata jiwe lisilo na unywele litavunjika siku moja."

Tulishuka nyuma ya lori lililobeba pande moja tu, kona baada ya kona, mpaka kiwandani kwa Ersilia. Hapo yeye ndiye mfalme. Alipaza sauti mara moja, vijana wote wakanyooka.

Pande liliwekwa chini ya msumeno mkubwa wenye mapanga mengi yaliyosimama sambamba, kama meno ya kitana.

"Afadhali hiki nakijua!" Nevio akasema. "Kitana!"

"Ndiyo, na kinachana jiwe kuwa mabamba. Ya ukutani ni membamba. Ya sakafu yanazidi kidogo. Ya vidato vya nje, vinavyoshikwa upande mmoja tu, nataka sentimita nane, na mhandisi aseme ndiyo."

Kila bamba liliogeshwa na kugongwa. Mengine, ya ndani ya nyumba, yalipakwa gundi maalumu ili kuziba vitundu, kisha yakasuguliwa kwa mawe laini na laini zaidi mpaka yakang'aa. Nilijiona usoni.

"Nataka hivi!" nikasema. "Ngazi ya Mama ing'ae hivi!"

Ersilia alinitazama kwa huruma. "Fosca, unampenda mama yako?"

"Swali gani hilo?"

"Basi usimpe kioo akikanyage siku ya mvua. Atateleza. Ngazi ya nje tunaidonoa uso wake kwa nyundo yenye meno, iwe na mkwaruzo, mguu ushike."

Safari hii Nevio ndiye aliyecheka. Nilistahili.

Chini ya misumeno maji yalikuwa meupe kama maziwa. Yalipita kwenye mifereji mpaka kwenye tangi, tope likakamuliwa kando, maji yakarudi kazini. Ersilia alisema tope hilo likiachiwa liende mtoni linaziba chemchemi na kuua samaki. "Mlima umetupa jiwe," alisema. "Tusiulipe kwa kuunyima maji."

Nilikuwa na hofu kwamba jiwe zima kama lile si la watu kama sisi. Ersilia akatuonyesha pembeni. Yalikuwepo mabaki ya mabamba mazuri, mafupi mno kwa wateja wakubwa, yanayouzwa kwa bei nafuu.

"Mabaki na taka ni vitu viwili," alisema. "Mabaki hayana ugonjwa, yana ufupi tu. Kama mume wako."

Nevio hakukasirika; aliyanunua ya kutosha ngazi nzima. Jumatatu iliyofuata alipeleka mkasi na wembe kiwandani, akawanyoa wafanyakazi wote bila malipo. Alisema ndiyo lugha pekee anayojua ya kusema asante.

Mwashi alikuja Julai. Alitoa vidato vya zamani, akachimba ukuta kwa kina, akaingiza kila bamba kichwa chake ndani ya ukuta. Alivipa mwinamo mdogo kwa mbele, maji yasituame yakaganda wakati wa baridi. Chini ya ukingo alichonga mfereji mwembamba, ili matone yadondoke mbali na ukuta. Kisha akavitegemeza vyote kwa magogo, akasema magogo yasiguswe wiki nne.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Sikukuu ilikaribia. Kila jioni Nevio alisimama chini ya ngazi akiyatazama magogo kama mtoto anayetazama keki.

"Si imekauka?" aliuliza siku moja, mkono tayari uko kwenye gogo.

Dirisha likafunguka.

"We Nevio! Toa mkono!"

"Mama, sikukuu imefika!"

"Nimengoja tangu Krismasi. Mume wangu alikufa kwa sababu mtu alikuwa na haraka. Mimi sina haraka. Haraka haraka haina nini?"

"Haina baraka, Mama."

"Haya, nitumie mkate."

Mwashi aliondoa magogo siku moja kabla ya sikukuu. Alipakia magunia ya mchanga juu ya kila kidato, mazito mara tatu kuliko Mama. Tulingoja. Hakuna kilichotikisika. Nevio alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Asubuhi ya Mtakatifu Bartolomeo kengele zililia. Uwanjani meza zilikuwa zimepangwa, harufu ya mkate wa moto na mafuta yenye viungo imejaa kila kichochoro. Majirani walikusanyika uani kwetu bila kualikwa. Ersilia alikuwa mbele.

Nevio alipanda kwanza. Kisha akageuka, akawa anashuka mbele ya Mama, na kwenye kila kidato aligonga kwa mpini wa wembe wake. Kidato kikaimba. Mama akakikanyaga. Akagonga kingine. Kikaimba. Mama akakanyaga. Mkono mmoja wa Mama ulishika ukuta, na mwingine ulibeba kitu alichokifunika kwa leso.

Ilisikika sauti ya mawe tu na viatu vya Mama.

Alipofika chini alisimama kwanza. Alitazama miguu yake. Kisha akatembea mpaka kwa Ersilia, akafunua leso. Kilikuwa kikapu kile kile, kamba yake imekunjwa vizuri ndani, na juu ya kamba pana mkate aliouoka mwenyewe.

"Ersilia," alisema, "kama ungenyamaza siku ile, mimi leo ningekuwa na baba yake Fosca. Nampenda, lakini anaweza kungoja kidogo. Asante."

Ersilia, mwenye sauti ya msumeno, alinong'ona jibu. Safari hii kijiji hakikulisikia.

Mpaka leo ngazi ile tunaifagia kila asubuhi na kuiosha kwa maji matupu na sabuni laini. Siki na ndimu hatuzisogezi, maana zinaila marumaru. Baada ya baridi kuisha, Nevio hulowesha kila kidato, akaketi kwenye kigoda, akangoja jua. Wateja wakimwita, huwajibu kwamba kuna nywele nyingine anazitafuta.

Siku ile ya sikukuu Mama alipotoka kwa Ersilia hakwenda mezani. Alikwenda kwenye ukumbusho, akatafuta jina la baba kwa kidole. Alipolipata aliligonga polepole kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio, akasikiliza. Halafu akatugeukia, anatabasamu.

"Ni zima," alisema. "Twendeni tukale."